Ubaguzi wa nyumba Marekani: Sheria ipo, wa kuisimamia kakatiwa fedha

MACHI 1978, mwanamke mmoja mweusi aliingia katika ofisi ya kampuni ya kupangisha nyumba kwenye kaunti ya Henrico, jirani na jiji la Richmond, jimbo la Virginia nchini Marekani. Aliuliza kama kuna nyumba iliyo wazi. Akajibiwa kuwa hakuna.

Mwanaume mmoja mzungu naye aliuliza swali hilo hilo kwa kampuni hiyo hiyo. Yeye akaambiwa nafasi zipo.

Kumbe wote wawili hawakuwa wakitafuta nyumba. Walikuwa wametumwa na shirika lisilo la kiserikali la Richmond lililokuwa likichunguza ubaguzi katika upangishaji, na kila mmoja aliandika kile alichoambiwa. Majibu yao yalipowekwa pamoja, tofauti ikaonekana wazi.

Shauri hilo, linalojulikana kama Havens Realty dhidi ya Coleman, lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1982 mahakama hiyo iliamua kuwa mtu aliyedanganywa kuhusu nyumba kwa sababu ya rangi yake ana haki ya kushtaki, hata kama alikwenda pale kwa majaribio tu. Ikaongeza kuwa shirika linalolazimika kutumia fedha na muda wake kupambana na ubaguzi huo nalo lina haki ya kushtaki.

Tangu hapo, majaribio ya aina hiyo yamekuwa silaha kuu ya kupambana na ubaguzi wa nyumba nchini humo. Lakini silaha hiyo inahitaji fedha. Mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo, iliyokuwa mfadhili wake mkubwa, ilianza kufunga mfuko.

Ubaguzi wa tabasamu

Zamani mwenye nyumba nchini Marekani aliweza kubandika tangazo kuwa hapokei watu weusi, na asipate shida yoyote. Leo hakuna anayethubutu. Mteja anapokewa vizuri, anapewa kiti, kisha anaambiwa nyumba imechukuliwa jana. Au anatajiwa amana kubwa kuliko ile anayotajiwa mwenzake. Au dalali anamshauri, kwa sauti ya kirafiki, akatafute mtaa mwingine "utakaomfaa zaidi".

Mteja huyo anaondoka akiwa ameshukuru. Hajui kama amebaguliwa, kwa sababu hakuwapo wakati mteja wa pili anajibiwa. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Aliyeibiwa kuku huona banda tupu, lakini aliyenyimwa nyumba kwa hila haoni kitu.

Njia ya kuufichua uongo huo ni kulinganisha. Shirika huteua watu wawili wenye kipato, kazi na mahitaji yanayofanana, wakitofautiana kwa jambo moja tu, kwa mfano rangi, asili ya taifa au ulemavu. Kila mmoja huenda kwa wakati wake na kuandika taarifa yake bila kuiona ya mwenzake. Haandiki maoni, anaandika kilichotokea: alionana na nani, aliambiwa kodi kiasi gani, alionyeshwa nyumba ngapi. Msimamizi ndiye anayelinganisha.

Gazeti la Newsday la Long Island, jimbo la New York, lilitumia njia hiyo katika uchunguzi wa miaka mitatu uliochapishwa Novemba 2019. Wateja wa majaribio 25 walitumwa kwa madalali wa nyumba wakiwa na vinasa picha vya siri, na majaribio 86 yakalinganishwa. Matokeo yalionyesha dalili za kutotendewa sawa kwa weusi katika asilimia 49 ya majaribio waliyohusika, Walatino asilimia 39 na watu wenye asili ya Asia asilimia 19.

Huo ni uchunguzi wa gazeti moja lenye uwezo, katika eneo moja. Miji mingi haina gazeti la kufanya kazi hiyo. Ina shirika dogo lenye wafanyakazi wachache, na shirika hilo ndilo linalotegemea ruzuku.

Nyumba ni mtaji

Mkulima anayejua thamani ya hati ya shamba lake atalielewa jambo hili haraka. Nyumba ni dhamana. Nchini Marekani wafanyabiashara wadogo wengi huanzisha au kupanua shughuli zao kwa kukopa kwa dhamana ya nyumba, na wazazi husomesha watoto kwa njia hiyo hiyo. Aliyezuiwa kununua nyumba mahali pazuri amezuiwa pia kupata mtaji.

Mwaka 2020 familia moja ya watu weusi katika mji wa Marin City, California, iliita mthamini ili ipate mkopo mpya. Mthamini akasema nyumba yao ina thamani ya dola 995,000. Familia haikuridhika. Ikaomba uthamini wa pili, lakini safari hii ikaondoa picha zake ukutani, na rafiki yao mzungu akampokea mthamini kana kwamba nyumba ni yake. Wiki chache tu baada ya ule wa kwanza, nyumba ile ile ikapewa thamani ya dola 1,482,500.

Tofauti ni dola 487,500. Benki inayokopesha asilimia 80 ya thamani ingewapa familia hiyo dola 796,000 kwa uthamini wa kwanza, na dola 1,186,000 kwa uthamini wa pili. Dola 390,000 zingepotea mezani bila mtu kutamka neno moja baya. Familia hiyo ilishtaki pamoja na shirika la kutetea haki za makazi la Kaskazini mwa California, na madai dhidi ya mthamini yakamalizwa kwa makubaliano mwaka 2023.

Hasara za namna hiyo zikijumlishwa kizazi baada ya kizazi huonekana katika takwimu za taifa. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa familia ya kati ya wazungu ilikuwa na mali ya dola 285,000 baada ya kuondoa madeni. Familia ya kati ya weusi ilikuwa na dola 44,900. Ubaguzi wa nyumba si sababu pekee ya pengo hilo, lakini ni mojawapo ya sababu kubwa.

Mizizi yake ni mirefu. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lililoanzishwa kuokoa wenye mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa iliyoonekana kuwa hatari kwa mikopo ilipakwa rangi nyekundu, na mitaa ya weusi ilikuwa miongoni mwake. Kwa miaka mingi mkopo wenye udhamini wa serikali ulikuwa mgumu kupatikana huko.

Sheria iliyozaliwa bila meno

Mwaka 1966 Martin Luther King aliongoza maandamano mjini Chicago kudai haki ya weusi kuishi popote, na akapigwa jiwe kichwani. Aliuawa Aprili 4, 1968. Siku saba baadaye Rais Lyndon Johnson alisaini Sheria ya Haki ya Makazi, ambayo ilikuwa imekwama bungeni.

Sheria hiyo ilikataza kubagua mpangaji au mnunuzi kwa rangi, dini au asili ya taifa. Mwaka 1974 jinsia iliongezwa, na mwaka 1988 wakaongezwa watu wenye ulemavu na familia zenye watoto.

Hata hivyo, kwa miaka 20 ya mwanzo sheria ilikuwa kama mbwa anayebweka akiwa amefungwa. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ijulikanayo kama HUD, ilipopata malalamiko iliweza kusuluhisha tu. Mwenye nyumba akikataa, wizara haikuwa na nguvu ya kumlazimisha. Aliyebaguliwa alibaki na njia ya kutafuta wakili na kwenda mahakamani, na wengi hawakuwa na uwezo huo.

Mambo mawili yalibadili hali hiyo. Kwanza, mwaka 1987 Bunge lilianzisha mpango wa ruzuku kwa mashirika yanayochunguza ubaguzi wa nyumba, wakati Rais akiwa Ronald Reagan. Pili, marekebisho ya mwaka 1988 yaliipa wizara nguvu ya kumfikisha mbaguzi mbele ya jaji, na adhabu zikaongezwa.

Kwa maneno mengine, sheria ilianza kufanya kazi vizuri pale ilipopata vitu viwili: meno, na fedha za kumlipa anayetafuta ushahidi.

Barua ya Februari

Mwishoni mwa Februari 2025 mashirika hayo yalipata barua kutoka HUD. Ruzuku 78 za mashirika 66 zilikuwa zimefutwa, zote zikiwa na thamani ya takriban dola milioni 30. Baadhi ya mashirika yalikuwa katikati ya mkataba wa miaka kadhaa. Sababu iliyotolewa ni kwamba ruzuku hizo hazikulingana tena na malengo ya mpango wala vipaumbele vya wizara. Barua zilitaja pia maelekezo ya kitengo cha kupunguza matumizi ya serikali, kilichojulikana kwa kifupi kama DOGE.

Machi 13, 2025, mashirika manne, ya Massachusetts, Idaho, Texas na Ohio, yalifungua kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Massachusetts. Machi 26 Jaji Richard Stearns alitoa zuio la muda na kuamuru ruzuku zirejeshwe.

Nafuu hiyo ilidumu wiki chache. Aprili 4 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine iliyohusu ruzuku za elimu, ilionyesha kuwa madai ya namna hiyo dhidi ya serikali yanapaswa kupelekwa katika mahakama maalumu ya madai ya fedha. Baada ya uamuzi huo Jaji Stearns aliliondoa zuio lake.

Mwezi Mei mwaka huo, pendekezo la bajeti la Rais Donald Trump kwa mwaka wa fedha 2026 lilitaka ruzuku za ushindani za mpango huo zifutwe kabisa, ili kuokoa dola milioni 60.

Hesabu ya senti

Kwa mfanyabiashara wa duka, dola milioni 60 ni fedha zisizohesabika. Kwa serikali ya Marekani, ambayo mwaka wa fedha 2024 ilitumia takriban dola trilioni 6.75, ni chini ya dola moja katika kila dola 100,000.

Kazi inayofanywa na fedha hizo si ndogo. Kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa na Muungano wa Kitaifa wa Haki ya Makazi, mwaka 2023 malalamiko 34,150 ya ubaguzi wa nyumba yalipokelewa nchini humo. Takriban robo tatu yalishughulikiwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Ofisi za majimbo na miji zilishughulikia takriban asilimia 19, na wizara yenyewe takriban asilimia 5.

Kwa hiyo hoja kwamba wizara itaendelea na kazi hata mashirika yakifungwa ina tatizo la hesabu. Anayebeba magunia matano kati ya mia hawezi kubebeshwa mia kwa siku moja.

Zaidi ya nusu ya malalamiko ya mwaka huo yalihusu ulemavu. Mengi ya aina hiyo hayahitaji mahakama. Mpangaji anayetumia kiti cha magurudumu anaomba kujenga njia ya mteremko mlangoni kwa gharama yake, au kutengewa maegesho karibu na mlango, na mwenye nyumba anakataa kwa kutojua sheria. Simu moja kutoka kwenye shirika humaliza jambo. Shirika likifungwa, simu hiyo haipigwi.

Wapo wanaouliza kwa nini mashirika hayo yasijitegemee kwa fidia yanazoshinda mahakamani. Jibu lipo katika muda. Mwaka 2016 Muungano huo na mashirika 20 waliishtaki Fannie Mae, taasisi kubwa ya mikopo ya nyumba, wakidai kuwa ilitunza vizuri nyumba ilizotwaa kwa madeni kwenye mitaa ya wazungu na kuziacha zikichakaa kwenye mitaa ya weusi na Walatino. Wachunguzi walikagua nyumba zaidi ya 2,300, wakaangalia nyasi, milango, madirisha na takataka, wakapiga picha zaidi ya 49,000.

Makubaliano yalifikiwa Februari 2022, kwa dola milioni 53. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilielekezwa kwenye mitaa iliyoathirika.

Uchunguzi pamoja na kesi ulichukua miaka mingi. Kila mkulima anajua maana yake. Mavuno yako mbali, lakini mbegu, jembe na chakula cha vibarua vinatakiwa leo. Shirika lisilo na mshahara wa mwezi huu halifiki kwenye mavuno ya mwaka wa sita.

Wanaozungumza Kiswahili wamo

Jambo hili haliko mbali na Afrika Mashariki kama linavyoonekana. Katika miaka ya fedha 2022 hadi 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine waliopewa makazi Marekani. Wengi wao wanazungumza Kiswahili, na wengi walipitia kambi za Tanzania, Uganda, Kenya, Burundi na Rwanda. Boise, mji mkuu wa Idaho, ni mmoja wa miji iliyowapokea. Moja ya mashirika manne yaliyofungua kesi mwaka 2025 ndilo linalohudumia jimbo hilo.

Familia ya aina hiyo inakutana na vizuizi vingi kwa pamoja. Ni weusi, ni wageni, Kiingereza chao bado kinayumba, na mara nyingi wana watoto wengi. Sheria ya mwaka 1968 na marekebisho yake haimlindi raia peke yake. Mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mpangaji kwa sababu ametoka Kongo, wala kwa sababu tu ana watoto.

Lakini haki hiyo ina muda. Malalamiko hupelekwa wizarani ndani ya mwaka mmoja tangu tukio, na kesi hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka miwili. Mgeni asiyejua pa kuanzia anaweza kuumaliza mwaka huo akiuliza njia. Kumwelekeza ilikuwa kazi ya shirika.

Mali bila daftari

Mashirika hayo huwashauri wanaotafuta nyumba kuweka kumbukumbu, ushauri ambao haumgharimu mtu kitu. Andika tarehe na saa uliyokwenda au kupiga simu. Andika jina la uliyezungumza naye, kodi na amana uliyotajiwa, na maneno aliyotumia. Hifadhi tangazo ulilolikuta, ujumbe wa simu na risiti. Ukiambiwa nyumba imechukuliwa, angalia kama tangazo lake bado lipo wiki inayofuata.

Wafanyabiashara wadogo wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo. Mtu mwenye kijitabu chenye tarehe ana pa kuanzia mbele ya ofisa au wakili. Mwenye kinyongo peke yake atasikilizwa kwa huruma na kurudishwa nyumbani.

Hata hivyo, kijitabu cha mtu mmoja kina nusu ya habari tu. Kinaonyesha aliambiwa nini yeye. Nusu ya pili ni kile alichoambiwa mwingine, na nusu hiyo haipatikani bila mtu wa kutumwa, nauli ya kumtuma na msimamizi wa kulinganisha.

Yule mwanamke wa Henrico angeenda peke yake mwaka 1978, angerudi nyumbani akiamini kuwa nyumba zimejaa. Sheria ilikuwa na umri wa miaka kumi wakati huo, imeandikwa vizuri na kusainiwa na Rais. Isingemsaidia kitu, kwa sababu asingejua kuwa imevunjwa.

Mwaka 2025 hakuna aliyeifuta sheria hiyo. Kilichokatwa ni nauli ya mteja wa pili.